Atlasi ya Juu kwa miguu: kutoka Imlil hadi bonde la Azzaden

Safari hii ya milima ya Atlasi ya Juu, Moroko, inamfaa anayependa mlima lakini hataki kulala kwenye hema. Gari kutoka Marrakech hadi Imlil, kijiji kilicho mita 1,740 juu ya usawa wa bahari, huchukua kama saa moja na nusu. Baada ya hapo ni miguu tu, na mizigo hubebwa na nyumbu, yule chotara wa punda na farasi.

Siku ngumu ni ya kuvuka Tizi Mzik, njia ya kupita kati ya vilele iliyo kwenye mita 2,489. Kupanda kuna kona nyingi, ila ukienda polepole hakuchoshi sana. Kinachoumiza ni kushuka upande wa pili kuelekea Azzaden: changarawe inateleza, na mwenye goti bovu atalijua hapo. Chukua fimbo mbili, si moja. Koti la mvua, sweta na lita mbili za maji viwe mgongoni mwako, maana nyumbu hutangulia na kilicho kwenye begi kubwa hukipati hadi jioni.

Malazi ndiyo yanayoipa safari thamani: maji ya moto, mablanketi mazito, tajini ya kondoo, mchuzi unaopikwa kwenye chungu cha udongo, inayofika mezani ingali inatokota, na ukifunua kile kifuniko cha udongo unapigwa na mvuke wa tangawizi. Uliza mapema kama chumba kina hita; usiku wa Aprili bado ni baridi kali.

Tetemeko la 8 Septemba 2023 liliharibu vijiji vingi vya huku, kwa hiyo hakikisha hali ya njia na malazi kabla ya kulipa. Beba dirhamu taslimu za kutosha, pamoja na bakshishi ya mwongozaji na mwenye nyumbu.