Kuifuata Reli ya Busoga: Ziara ya Siku Moja kutoka Jinja hadi Namasagali

Hivi karibuni nililipia ziara ya siku moja inayoandaliwa na waongozaji wa mjini Jinja, Uganda, kwa wanaotaka kuijua Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912 na ambayo vijana wengi wa hapa wameisikia kwa wazee tu. Ada ilikuwa shilingi 90,000, usafiri na chakula vikiwemo.

Maelezo ya asubuhi, yaliyotolewa mbele ya stesheni ya Jinja, yalitosha kuihalalisha ada hiyo. Mwongozaji wetu, mzee aliyelelewa kwenye landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, na mwenye Kiswahili cha watu wa reli, alieleza kwamba Mto Nile ukishatoka Ziwa Victoria una maporomoko yasiyopitika kwa meli, na njia hii ilijengwa ili kuyakwepa: msafiri wa kwenda kaskazini alishuka Namasagali, akapanda meli kuvuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, kisha akashika barabara mpaka Butiaba kwenye Ziwa Albert, huku pamba ikija kwa meli kutoka upande wa pili wa Kyoga na kupakiwa kwenye mabehewa ya kwenda Jinja.

Nisichokubaliana nacho ni namna alivyoeleza kufa kwa reli hii. Kwa maneno yake, mvua kubwa za 1961 na 1962, zilizoinua maji ya Kyoga hadi gati ya Namasagali ikazama, ndizo sababu pekee. Mafuriko yalimaliza kazi, ni kweli. Lakini reli iliyofika Soroti mwaka 1929 ilikuwa imeshaipokonya njia hii sehemu ya pamba ya Teso, na mwaka 1931 gari la moshi likavuka daraja la Nile na kwenda Kampala moja kwa moja. Nilipomwuliza, alitabasamu na kusema wazee wake hawakumsimulia hivyo.

Chakula kilikuwa wali uliopoa. Kosa zito zaidi ni la ratiba, kwani tulikawia sana darajani tukipiga picha, na tulipofika Namasagali jua lilikuwa linazama, hivyo majengo ya reli yaliyogeuzwa shule katika miaka ya 1960, na ambayo leo ni ya Chuo Kikuu cha Busitema, tuliyaona kwa haraka na gizagiza.

Ningeenda tena, kwa sharti kwamba tuanzie Namasagali alfajiri na kurudi Jinja polepole.