Kuunganisha kompyuta na runinga ili kutazama filamu: nunua kipi, acha kipi

Kabla hujatoa hela yoyote, nenda nyuma ya runinga ukiwa na tochi ya simu. Hesabu matundu ya HDMI, yale bapa ya waya wa picha na sauti, na usome maandishi madogo yaliyo kando yake. Kisha igeuze kompyuta uone ubavuni mwake kuna matundu gani. Ukimaliza, chukua kamba upime kutoka runinga hadi mahali kompyuta itakapokaa, ukiufuata ukuta na kuzunguka meza, kwa sababu waya haukati hewani. Watu wengi ninaowasaidia kuunganisha vyombo vyao hununua kwanza na kupima baadaye, halafu waya unapungua nusu mita.

Njia ziko tano, nimezipanga kuanzia iliyo bora. Nafasi ya kwanza: waya wa HDMI. Sijaona cha kuushinda. Unabeba picha na sauti pamoja, hauna habari na Wi-Fi, hauhitaji programu yoyote, na ukiuchomeka leo utafanya kazi vilevile mwakani. Ikiwa kompyuta yako ina tundu la HDMI, nunua huu na usihangaike na mengine.

Hapa ndipo wauzaji wanapowachanganya watu, kwa hiyo tulia kidogo. Kwenye pakiti angalia daraja la waya. Ulioandikwa *High Speed* unatosha kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili. Kwa runinga ya 4K, yenye picha kali kuliko hiyo, chukua *Premium High Speed*, unaopitisha gigabiti 18 kwa sekunde. *Ultra High Speed*, wenye gigabiti 48, umetengenezwa kwa ajili ya 8K, iliyo kali kuliko 4K, na michezo ya video yenye kasi kubwa. Filamu nyingi huenda kwa picha 24 tu kila sekunde, kwa hiyo mtazamaji wa filamu hana haja nao. Nilishawahi kununua waya wa bei ya juu kwa kuwa ncha zake zilipakwa dhahabu, nikaulinganisha na wa kawaida kwenye runinga ileile, filamu ileile. Hakukuwa na tofauti hata chembe. Dhahabu inazuia kutu, basi. Taarifa inayopita humo ni ya kidijitali: waya ukiwa mbovu utaona vimulimuli, picha itakatika au kioo kitakuwa cheusi, lakini rangi hazipauki kwa sababu ya waya wa bei nafuu.

Kinacholeta shida kweli ni urefu. Hadi mita 3 huna la kuwaza. Kuanzia mita 5 hivi, waya wa kawaida wa shaba unaweza kuanza kushindwa kubeba 4K. Kama kompyuta iko mbali hivyo, tafuta HDMI ya nyuzi za kioo. Nyingi kati ya hizo zina mwelekeo mmoja: ncha iliyoandikwa *Source* inakwenda kwenye kompyuta, na ya *Display* kwenye runinga. Ukizigeuza hupati picha, nawe utadhani umeuziwa waya mbovu.

Ya pili: waya wa USB-C (tundu dogo lenye kingo za mviringo) kwenda HDMI. Huu ni wa wenye laptopu nyembamba zisizo na tundu la HDMI. Waya ukikubali kufanya kazi, picha inakuwa nzuri sawasawa na ile ya kwanza. Nasema ukikubali kwa sababu si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Mimi niliambiwa na muuzaji kwamba "USB-C zote ni sawa", nikarudi nyumbani na adapta isiyonifaa kwa lolote. Tazama kando ya tundu: alama ya radi ya Thunderbolt, au herufi D na P zilizoshikana za DisplayPort, ni dalili nzuri. Pasipo alama, soma maelezo ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua. Adapta zinazochomekwa kwenye USB ya zamani, ile pana, ziache. Zinaitegemea programu na kuichosha kompyuta, na filamu hazikupangiwa zipite huko.

Ya tatu: kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye runinga, kama Roku au Fire TV Stick. Kwa kweli hapa kompyuta inawekwa pembeni, kwa kuwa kifaa chenyewe kinavuta filamu kutoka intaneti. Kama unachotazama ni huduma za kulipia peke yake, huenda hiki kikakufaa kuliko nyaya, maana baadhi ya huduma hushusha ubora wa picha zikifunguliwa kwenye kivinjari cha kompyuta. Nimekiweka cha tatu kwa sababu hakikusaidii sana na mafaili yaliyomo kwenye kompyuta yako, na hakina maana bila intaneti imara. Netflix yenyewe inashauri megabiti 5 kwa sekunde kwa 1080p na 15 kwa 4K. Ukikuta Chromecast inauzwa, ujue Google iliacha kuitengeneza mwaka 2024.

Ya nne: kurusha picha bila waya. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, na runinga yenye Miracast, teknolojia ya kupokea picha bila waya, itajitokeza. Kwenye Mac ni AirPlay. Jaribu, kwa kuwa huenda tayari unayo bila kununua chochote. Kwa kuonyesha picha za harusi inafaa sana. Kwa filamu ya saa mbili inaudhi: sauti inaachana na midomo, na picha inaganda mtu akianza kupakua kitu chumba cha pili. Ukilazimika, hamia Wi-Fi ya 5 GHz na uisogeze ruta karibu.

Ya mwisho: VGA, waya wa zamani wa picha. Haibebi sauti, itabidi uongeze waya wa spika. Tena filamu nyingi za kulipia zina ulinzi uitwao HDCP ambao hauwezi kupita kwenye VGA, hivyo unaweza kusikia sauti huku kioo ni cheusi. Usiinunulie adapta mpya.

Ukishachomeka, bonyeza Windows na P uchague picha iende wapi. Kama runinga iko kimya, fungua mipangilio ya sauti na uchague jina la runinga badala ya spika za laptopu. Na kingo za picha zikionekana zimekatwa, waya hauna kosa: kwenye menyu ya runinga, upande wa ukubwa wa picha, tafuta *Just Scan* au *Screen Fit*, na maandishi ya chini ya filamu yatarudi mahali pake.