Kusuka upya koili ya chaji ya pikipiki kuukuu: uzoefu wangu Kirinyaga Road

Pikipiki yangu ni Honda NX650 Dominator ya mwaka 1991, na kwa miezi minne ilikuwa ikinizimikia njiani. Ilianza polepole. Jioni kwenye foleni ya Mombasa Road, Nairobi, taa ya mbele inafifia, honi inatoka kwa sauti ya kukwama, na asubuhi yake stata inagonga tik-tik bila kuzungusha injini. Gereji ya kwanza niliyoenda waliniambia betri imekufa. Nikanunua mpya, ikafa baada ya wiki tatu. Wakaniuzia ya pili, nayo baadaye wakasema imekufa. Siku zote hizo hakuna aliyegusa pikipiki na mita, na hilo linaniuma kuliko zile Sh13,000 zilizokwenda.

Nikashuka Luthuli Avenue nikanunua mita ya kidijitali kwa Sh1,200. Nikaanza na betri yenyewe, nikiwa nimeichaji usiku kucha kwa chaja ya nyumbani: volti 12.6, kumaanisha ilikuwa imeshika chaji. Nikawasha injini, nikapandisha mizunguko hadi 5,000 kwa dakika. Hapo mita ingepaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ilisoma 12.2, na kadiri nilivyosubiri ikazidi kushuka.

Kutoka kwenye koili ya chaji, inayozalisha umeme injini ikizunguka na iliyo ndani ya kifuniko cha kushoto cha injini, huja nyaya tatu za manjano zinazoingia kwenye regyuleta, kifaa kinachougeuza umeme huo uifae betri na kuuzuia usizidi. Nilipochomoa soketi yake niliikuta imegeuka kahawia, plastiki imeyeyuka pembeni. Nikaiweka mita upande wa AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi unaotoka kwenye koili, injini ikinguruma, nikapima nyaya mbili mbili. Jozi ya kwanza volti 61, ya pili 34, ya tatu 33. Zote tatu zinapaswa kukaribiana. Kisha nikazima injini nikapima kila waya na fremu, na mita ikalia kwa zote tatu, kwa sababu ndani zimeungana. Mmoja ukigusa chuma, zote zinaonekana zimegusa. Koili ilikuwa imeungua na kupiga shoti. Regyuleta niliipima kwa alama ya dayodi ya mita, ikapitisha umeme upande mmoja tu kama inavyotakiwa, nikaiacha.

Kuna jambo linalowapotosha wengi, nami nililiamini kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefunga balbu ya LED nikidhani ninaipunguzia koili mzigo. Kwa regyuleta za aina hii haisaidii. Umeme usiotumika hauachwi tu. Regyuleta inaufunga kwa shoti na kuurudisha kwenye koili zenyewe, kwa hiyo koili inafanya kazi ileile na inachemka vilevile, taa ziwe zimewashwa au zimezimwa.

Koili mpya ya pikipiki ya umri huu ni ya kuagiza nje. Dereva mmoja wa bodaboda akanielekeza kwa mzee mmoja mitaa ya Kirinyaga Road anayesuka koili za mota na jenereta. Nilimpelekea koili mkononi, nikamweleza vipimo. Aliigeuza, akainusa, akasema, "Kijana, betri zako hazikuwa na kosa lolote." Nilifarijika kuliko ninavyoweza kueleza.

Kabla ya kukata chochote alihesabu mizunguko ya waya kwenye nguzo moja ya chuma ya koili ambayo haikuungua, akapima unene wa waya kwa maikromita, akaandika kwenye karatasi. Niliuliza kwa nini asiweke waya mnene zaidi. Akanionyesha nafasi: waya mnene unamaanisha mizunguko michache, na mizunguko ikipungua volti zinashuka. Alitumia waya wa shaba wenye enameli ya kustahimili nyuzi joto 180, akapaka vanishi, akaioka kwenye oveni. Bei ilikuwa Sh4,500.

Yasiyoniridhisha ni mawili. Aliahidi siku mbili, zikawa sita, na bila kumpigia simu nisingejua. Pia alitaka kuvisha nyaya za kutokea mipira ya kawaida ya plastiki. Koili hii inakaa kwenye oili ya moto, na mipira ile ingelainika. Nilimwomba, "Mzee wangu, weka ile ya nyuzi za kioo," akakubali bila ubishi, lakini mteja asiyejua angeondoka nayo hivyo.

Kufunga nilifanya mwenyewe: gasketi mpya ya kifuniko, nguzo za betri na waya wa fremu nikazikwangua hadi chuma kikang'aa, na ile soketi iliyoyeyuka nikaikata, nikaunganisha nyaya za manjano moja kwa moja kwa risasi ya kuyeyusha. Nikawasha. Ikiwa imetulia ilisoma 13.1, na kwenye mizunguko 5,000 ikasimama 14.2. AC ilikuwa 60, 61, 60.

Sasa ni wiki ya kumi. Nimekwenda Naivasha na kurudi usiku, taa imewaka njia nzima, na asubuhi betri ilisoma 12.7. Ni ile betri ya pili, niliyoambiwa imekufa. Kwa mzee huyo nitarudi bila wasiwasi. Ila ukienda, ifungue koili mwenyewe na uibebe ikiwa kavu, maana hapokei pikipiki nzima, na mipira ya nyaya mwafikiane kabla hajaanza.