LawHub na maswali ya mkanganyiko kwenye LSAT: uzoefu wangu

Nimejiandaa na LSAT, mtihani wa kuombea shule za sheria, kwa kutumia LawHub, jukwaa la mazoezi la LSAC, shirika ambalo ndilo lenye mtihani wenyewe, na kwa kutumia kozi moja ya kulipia ambayo sitaitaja jina. Nitazungumzia zaidi aina moja ya maswali: yale yanayokupa mambo mawili yanayoonekana kupingana, kisha yanakutaka uchague kitakachoyapatanisha. Hapo ndipo nilipoona wazi nani anakufundisha kufikiri na nani anachukua hela yako tu. Watanzania na Wakenya wengi ninaokutana nao huku Marekani wakiwa na ndoto ya sheria huniuliza waanzie wapi, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Kwa ambaye hajaufahamu mtihani huu, shule nyingi za sheria za Marekani na Kanada huutumia kuchuja waombaji, na alama zake ni kuanzia 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu imeondolewa. Zimebaki sehemu mbili za hoja za kimantiki, moja ya ufahamu, na ya nne isiyohesabiwa alama, ila huambiwi ni ipi. Kila moja ni dakika 35. Sehemu ya hoja ina maswali kama 25, yaani hufikishi dakika moja na nusu kwa swali. Jibu la makosa halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata kama muda umekwisha.

Maswali ya mkanganyiko si mengi. Unaweza kukutana na mawili matatu kwenye sehemu moja. Lakini ni alama za kuokota kwa mtu aliyeyaelewa, na yanafundisha tabia ambayo utaihitaji mtihani mzima. Maswali ya LSAC yana hakimiliki, kwa hiyo nimetunga langu kwa mfano wao:

Kampuni moja ya mabasi ya Dar es Salaam hadi Arusha ilipunguza mwendo wa juu wa mabasi yake yote kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80. Njia haikubadilika, wala saa ya kuondoka. Hata hivyo, katika mwaka uliofuata mabasi hayo yalifika Arusha mapema zaidi, kwa wastani, kuliko mwaka uliotangulia. Lipi kati ya haya, kama ni kweli, linasaidia zaidi kueleza mkanganyiko huo?

A. Abiria wengi walisema wanajisikia salama zaidi kwenye basi lisilokimbia.
B. Kwa kupunguza mwendo, kampuni iliokoa fedha nyingi za dizeli.
C. Katika mwaka huo malori yaliongezeka sana kwenye barabara hiyo.
D. Kabla ya hapo, mabasi hayo yalikuwa yakisimamishwa na trafiki mara kwa mara kwa mwendo kasi, na kila yakisimamishwa yalipoteza muda mrefu. Baada ya mabadiliko hilo likakoma.
E. Kampuni nyingine kwenye njia hiyo hazikupunguza mwendo wa mabasi yao.

Kabla ya kuangalia majibu, sema kwa maneno yako kinachogongana. Hapa ni kwamba basi linakwenda polepole zaidi na bado linafika mapema. Ukishalisema hivyo, unajua unachokitafuta: muda uliokuwa ukipotea zamani ambao sasa haupotei, na ambao ni mkubwa kuliko ule unaoongezwa na mwendo mdogo. Huna haja ya kubashiri kwamba ni trafiki. Ingeweza kuwa pancha, injini kuchemka, au vituo vya chakula. Unachohitaji ni kujua umbo la jibu.

Sasa angalia namna majibu mabovu yalivyoundwa. A ni jambo jema la kusikia, lakini halihusu saa ya kufika. C linauzidisha mkanganyiko, kwa sababu malori yakiongezeka basi lilipaswa kuchelewa zaidi. E linahusu mabasi ya watu wengine. Hatari ni B. Linaeleza kwa nini kampuni ilipenda uamuzi wake, na ukiwa umechoka unahisi kama limejibu kitu. Limejibu kweli, ila swali ambalo hukuulizwa. Linaacha upande wa pili, ule wa kufika mapema, vilevile ulivyokuwa. D peke yake linashika pande zote mbili kwa pamoja.

Kuna jambo moja ambalo sisi tuliozoea kujadili habari za redioni tunalipata kwa shida. Mtu anasoma D na kusema, "Lakini trafiki huwa hawachukui muda wote huo." Maneno "kama ni kweli" yameshafunga mlango huo. Unaambiwa ulikubali kila jibu jinsi lilivyo, halafu upime linafanya kazi gani. Na yale mambo mawili ya mwanzo nayo huruhusiwi kuyakanusha. Kwenye maswali ya kudhoofisha hoja unatafuta ufa, unamshambulia mzungumzaji. Hapa hakuna wa kushambuliwa. Mwendo umepungua, ni kweli. Basi limefika mapema, ni kweli. Kazi yako ni kuleta jambo la tatu.

Hapa ndipo LawHub ilinisaidia na kozi ya kulipia ikaniangusha. Ile kozi ilifundisha kutafuta "lakini" au "hata hivyo", kupigia mstari maneno ya pande zote mbili, kisha kuchagua jibu linaloyarudia. Ni ushauri mbaya kabisa. Watunzi wa mtihani huu wanajua mtu mwenye haraka hufuata maneno anayoyatambua, na mara nyingi jibu la mtego ndilo lililojazwa maneno hayo. Hata kwenye swali langu la mabasi, B na E yanarudia maneno ya habari yenyewe, wakati D linaleta trafiki ambao hawakutajwa popote. Kozi ilikuwa imetuahidi mwalimu wa kujibu maswali. Nilimwandikia nikiuliza kwa nini jibu fulani linapatanisha na jingine linalofanana nalo halipatanishi. Nilirudishiwa sentensi moja: jibu hilo ni sahihi kwa sababu linaeleza mkanganyiko. Kwa hela niliyolipa, nilistahili zaidi ya hapo.

LawHub haina mbwembwe. Unafungua akaunti bure na kupata mitihani michache kamili iliyowahi kutolewa kweli, kwenye ukurasa unaofanana na ule wa siku ya mtihani: unaweza kupaka rangi maneno, kukata jibu usilolitaka, na kuweka alama kwenye swali la kurudia. Unaweza kufanya kwa saa inayohesabu au bila saa. Mimi nasema anza bila saa, hata kama rafiki zako wanajisifia kasi. Kwenye kila swali la mkanganyiko kata jibu huku ukisema sababu kwa sauti: hili linazidisha, hili linaeleza upande mmoja, hili haligusi. Ukifanya hivyo na maswali yao halisi utaona kwamba makosa ni yaleyale, yanabadilishiwa nguo tu. Maswali ya kozi yangu yalikuwa yametungwa na watu wengine, na mara nyingine majibu mawili yalifaa kabisa. Hilo linaharibu mazoea, kwa sababu linakuzoesha kuamini kwamba mtihani ni wa kubahatisha.

Zingatia pia maswali yenye "isipokuwa". Hapo majibu manne yanaeleza mkanganyiko na wewe unatakiwa kuchagua moja lisiloeleza. Wengi hutafuta jibu linalozidisha mgongano, na si lazima liwepo. Jibu sahihi linaweza kuwa sentensi ya kawaida tu isiyogusa chochote. Pigia mstari neno hilo kabla hujasoma majibu.

Kwenye kikundi chetu cha kusoma, mfano uliowafungua wengi haukutoka kwenye jukwaa wala kozi yoyote. Ulitoka kwetu Afrika Mashariki. Selimundu (sikoseli) ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na zamani watoto wengi waliorithi vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama pia walikufa kabla hawajazaa. Kwa mantiki hiyo vinasaba hivyo vilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Lakini kwenye pwani ya Kenya na kando ya Ziwa Victoria watu wenye kubeba kinasaba kimoja, cha mzazi mmoja tu, walikuwa wengi, katika baadhi ya jamii zaidi ya asilimia 20, ilhali kwenye nyanda za juu walikuwa wachache sana. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu huko mwaka 1949, na mwaka 1954 akachapisha maelezo: anayebeba kinasaba kimoja tu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Malaria ipo pwani na ziwani, nyanda za juu ni haba. Hakukanusha kwamba selimundu inaua. Hakukanusha kwamba kinasaba chake kimeenea. Alileta jambo la tatu, na mambo yote mawili yakasimama pamoja bila kugombana.

Nilipolieleza hivyo, dada mmoja nesi kwenye kikundi, ambaye amewahudumia wagonjwa wa selimundu kwa miaka mingi, alisema sasa ameelewa swali linamtaka nini. Tukaongeza mfano wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1973 wanaume walioomba masomo ya uzamili walikubaliwa kwa asilimia 44 na wanawake kwa asilimia 35. Lakini ukiangalia idara mojamoja, pengo hilo karibu lote lilitoweka, na kwa ujumla wanawake walikuwa na nafuu kidogo. Kilichopatanisha takwimu hizo ni kwamba wanawake wengi waliomba idara zenye ushindani mkali, zinazokataa watu wengi wa jinsia zote. Mtu akiyaelewa haya mawili, selimundu na Berkeley, ameshaona sehemu kubwa ya maumbo ambayo LSAT inayatumia: faida iliyojificha ndani ya hasara, na makundi mawili yasiyolingana yanayolinganishwa kana kwamba yanalingana.

Je, ulipie LawHub? Toleo la kulipia linafungua mitihani mingi zaidi ya zamani na ni zaidi ya dola 100 kwa mwaka. Kwangu mimi thamani yake ipo, tena ni sehemu ndogo ya nilichotoa kwenye ile kozi. Ila maliza kwanza ya bure. Asiyejua kwa nini B ni bovu kwenye swali moja hatalijua kwa kufungua mitihani 50. Anayeanza kabisa, asiyewahi kukutana na mitihani ya hoja, atahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza akieleza sababu zake. Jukwaa haliwezi kufanya hivyo, na kikundi cha watu watatu wanne kinatosha.

Wanaoomba shahada za uzamili za biashara, iwe huku au Nairobi, wasidhani haya hayawahusu. GMAT ya sasa, mtihani wa kuombea masomo hayo, ina maswali ya aina hiihii kwenye sehemu ya lugha, maswali 23 kwa dakika 45, na namna ya kuyajibu ni ileile.

Kama kipato chako ni kidogo, LSAC ina msamaha wa ada. Soma masharti yao ya uraia na makazi, andaa nyaraka za kipato mapema, na uombe kabla hujalipia chochote kwa mtu yeyote, kwa sababu ukikubaliwa, LawHub ya kulipia inakuja pamoja nao.