Jelatini ya pakiti au chaina grasi? Faluda kwa joto la Tanga

Jelatini ya unga inayouzwa kwa pakiti za gramu 10 kwenye maduka ya vifaa vya keki Tanga mjini si bidhaa mbaya. Ubaya uko kwenye maelekezo ya nyuma ya pakiti, yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Mwenye friji anayetaka faluda laini ya kuyeyukia mdomoni, ainunue. Anayetaka kupanga vikombe mkekani mapema kabla ya adhana ya magharibi, achukue chaina grasi, kigandishi cha mwani.

Jelatini ni protini. Hutokana na kolajeni ya ngozi na mifupa ya ng'ombe, au ya nguruwe, kwa hiyo usinunue pakiti isiyotaja mnyama. Ikiwa moto, minyororo yake huelea ovyo majini. Ikipoa hujisuka yenyewe, mitatu mitatu kama kamba ya mkonge, na maji yakanaswa katikati. Kinachoishika ni vifungo dhaifu, ndiyo maana huachia kwenye nyuzi joto 30 hadi 35. Mdomoni hiyo ni raha. Sebuleni Ngamiani, hapa Tanga, mwezi wa Februari ni uji.

  

Kwa nusu lita ya maziwa pakiti inasema gramu 10. Hapa weka 15, hasa kama umeme wa mtaani kwenu una tabia zake. Nyunyiza unga juu ya maji baridi, vijiko vya chakula vitano hadi sita, uache dakika 5 hadi 10 unywe maji. Ukimwagia maji ya moto unga mkavu, nje yake hufura na kujifunga, ndani hubaki mkavu. Hayo ndiyo madonge yasiyokorogeka. Kisha changanya na maziwa ya moto yaliyoepuliwa, si yanayotokota. Kuchemsha muda mrefu hukatakata minyororo, na iliyokatika haisuki vizuri. Friji saa 4 ni kiwango cha chini. Ikilala usiku kucha huwa ngumu zaidi, kwa kuwa usukaji huendelea taratibu.

Lawama nyingi anazotupiwa muuzaji ni kosa la tunda. Nanasi na papai ambavyo havijapikwa vina vimeng'enya vinavyokata protini, na jelatini haigandi hata uiweke friji siku mbili. Nanasi lichemshwe dakika 5 kwanza, au litumike la kopo. Papai ni sugu zaidi, liache. Juisi ya machungwa ya Muheza haina shida hiyo, ila uchachu hulegeza kidogo, kwa hiyo ongeza gramu 2 au 3. Ndimu itiwe mwisho, mchanganyiko ukiwa umepoa.

Kasoro ya kweli ya pakiti hizi: haziandiki nguvu ya jelatini, hivyo ukibadilisha aina pima upya kwa kikombe kimoja. Ukishafungua, hamishia kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana. Unyevu wa pwani huigandisha kuwa bonge.

Chaina grasi si protini, ni sukari ndefu ya mwani, kwa hiyo nanasi haliiwezi. Ya unga, gramu 4 hadi 5 kwa nusu lita, itokote kwenye maji dakika 2 au 3 ndipo maziwa ya moto yaingie. Huganda mezani bila friji na haiyeyuki hadi karibu nyuzi 85. Lakini hukatika kama yai la kuchemsha, na ikikaa hutoa maji. Wala usiichanganye na mwani wa kulimwa ufukweni: ule hutoa karajinani, kigandishi kingine, na vipimo hivi haviufai.