Seti ya usalama ya shantie madukani Lubumbashi: kaske nunua, bote chunguza, arne acha

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Lubumbashi, iwe katikati ya mji au upande wa komini ya Kenya, vifaa vya usalama huuzwa mara nyingi vikiwa vimefungwa pamoja: kaske (kofia ngumu), bote, glavu za ngozi, na arne, yaani mikanda ya mwili ya kuzuia kuanguka. Wanunuzi wengi ni mafundi na vibarua wenyewe, jambo ambalo tayari lina kasoro, maana sheria ya kazi imeweka mzigo wa usalama wa shantie, yaani mahali pa ujenzi, mgongoni mwa mwajiri. Lakini tuanze na mali yenyewe.

Kaske ndiyo sehemu nzuri ya seti. Igeuze utafute alama EN 397 (EN ni kipimo cha ubora cha Ulaya) pamoja na duara dogo lenye mwaka katikati na mshale unaoonyesha mwezi wa kutengenezwa. Iliyoning'inizwa mbele ya duka juani miaka mitatu imezeeka kabla haijavaliwa, kwa sababu jua linakula plastiki. Ibane pande mbili kwa viganja. Ikitoa mlio wa kuvunjika au mistari myeupe, mrudishie muuzaji. Ubaya wake ni mkanda wa kidevu: kwa seti za bei ya chini ni mpira mwembamba, au hakuna kabisa. Fundi anayefunga nondo ghorofani akiinama, kaske inamtangulia kufika chini. Omba mkanda wa kitambaa wenye kifungo. Na usiipake rangi ya mafuta ili kuandika jina lako, kwani dawa iliyomo inadhoofisha ganda.

Kwa bote, usimuulize muuzaji kama zina chuma. Jibu ni ndiyo siku zote. Soma ulimi wa kiatu: EN ISO 20345, kisha herufi. S1 ina kinga ya vidole bila bamba la kuzuia msumari, S1P inaongeza bamba ndani ya soli, S3 ina bamba na ngozi inayostahimili maji. Kinga ya vidole hupimwa kwa pigo la jouli 200, karibu sawa na kilo 20 zikianguka kutoka mita 1. Ni nzuri, lakini kwenye kazi ya zege adui yuko chini: msumari uliobaki kwenye ubao wa kofraji, yaani mbao za kumwagia zege. Seti nyingi za bei ndogo zinabeba S1. Weka sumaku juu ya soli ya ndani. Ikishika, kuna bamba la chuma. Isiposhika, huenda bamba ni la kitambaa maalumu, basi alama ya S1P au S3 iwepo, la sivyo usinunue. Mvua zikianza Novemba, S3 inalipa gharama yake.

Glavu za ngozi zinafaa kwa nondo na matofali. Kwa saruji mbichi ni mtego: ngozi inanyonya maji ya saruji, ambayo ni makali kama magadi, na kuyakalisha juu ya mkono mpaka yauunguze. Tafuta za mpira au nitrili.

Sasa arne, ambayo tungeiacha dukani. Kifaa cha kuzuia kuanguka kinatakiwa kuwa na EN 361, na alama ya CE, ile ya kufuata sheria za Ulaya, ifuatwe na namba ya tarakimu nne ya ofisi iliyokikagua. Kaske inaweza kuwa na CE bila namba hiyo; arne haiwezi. Ukikuta CE peke yake, mtu ameipiga chapa tu. Angalia pia lebo: namba ya kifaa na tarehe ya kutengenezwa. Halafu ichunguze kamba inayotoka mgongoni. Je, ina kile kifurushi kilichoshonwa kwa mikunjo, kizuia mshtuko cha EN 355? Bila hicho, kamba inakukamata ghafla na mwili ndio unaomeza pigo lote. Kikiwepo, nguvu haizidi kilonewtoni 6, karibu uzito wa kilo 600.

Hata arne halisi ina hesabu yake. Kamba ya mita 2, mkunjo unaoweza kufunguka hadi mita 1.75, urefu wa mwili chini ya pete ya mgongoni kama mita 1.5, na mita 1 ya akiba: mita 6.25 za hewa tupu chini ya mahali ulipofunga. Kwenye ghorofa ya kwanza ya nyumba nyingi hazipo. Utafika chini ukiwa umefungwa vizuri. Tena, unafunga wapi? Nanga ya mtu mmoja, yaani mahali pa kufungia kamba, inatakiwa kuhimili kilonewtoni 12, na mti wa eshafodaji (jukwaa la ujenzi) uliofungwa kwa waya hauna nguvu hiyo. Zungusha mkanda wa nanga kwenye nguzo ya zege iliyokwisha komaa. Mahali pa chini, ukingo imara wa eshafodaji unakulinda kuliko arne. Na mtu aliyening'inia ateremshwe ndani ya dakika chache: miguu iliyobanwa inazuia damu, naye anaweza kufa akiwa hajaumia popote.

Je, mtu akiumia bila vifaa, au na arne ya uongo, haki imepotea? Hapana. Kwa sheria ya Kongo, ajali iliyotokea kwa sababu ya kazi au wakati wa kazi ni ajali ya kazi hata kama mfanyakazi ana kosa. Mchango wa hatari za kazi kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 1.5 ya mshahara, unalipwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo kibarua hadaiwi kitu. Maneno ya "huna kontra" pia hayasimami: pasipo maandishi, mfanyakazi anaweza kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote, na sheria ya kazi ya 2002 inasema kibarua wa siku aliyefikisha siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo.

Hospitalini, daktari aandike kwenye cheti kwamba jeraha limetoka kazini, wapi na saa ngapi. Mwajiri ndiye anayetangaza ajali kwa CNSS na kwa Inspeksheni ya Kazi. Akikataa, majeruhi au ndugu zake waende wenyewe. Ugomvi wa kazi hupita kwanza mbele ya inspekta kwa mapatano kabla ya kufika Mahakama ya Kazi. Karatasi ya "tumemaliza" inayoletwa kitandani pamoja na bahasha isisainiwe kabla hajajulikana amebaki na ulemavu kiasi gani. Kaske iliyopasuka na arne iliyokatika zipigwe picha zikiwa na lebo, na zisirudishwe kwa shefu wa shantie.