Bomba la grisi lenye mdomo wa kubana: msimu mmoja kwenye tope la Usangu

Miaka miwili mizima nilikuwa nailisha ardhi grisi. Kila Jumamosi kijana wangu wa trekta aliingia chini ya ekseli ya mbele na bomba letu la zamani, akapampu, grisi ikachuruzika pembeni ya nipeli, kile kichuchu cha chuma cha kupitishia grisi, na kudondoka chini donge kwa donge. Akafuta kwa tambara, akaniambia, "Mama, tayari." Na mimi nikaandika kwenye daftari: imepigwa grisi.

Trekta lenyewe ni Kubota la mtumba kutoka Japani, dogo, lisilo na fowili, yaani matairi ya mbele hayasukumwi na injini. Nalima mpunga Mbarali, mkoani Mbeya, upande wa Ubaruku, na msimu wa kuvuruga, yaani kukoroga tope la jaruba kabla ya kupanda, nawakodishia majirani. Aliyewahi kusimama kwenye jaruba la huku hahitaji maelezo: matairi ya mbele yanazama, na zile pini zinazogeuza tairi ukikata kona zinashinda ndani ya maji ya tope. Jioni trekta linaoshwa kwa ndoo mbili tatu, linalala na ule unyevu, asubuhi linarudi kulekule.

Msimu wa juzi usukani ukaanza kucheza. Fundi aliinua mbele kwa jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likagonga ko, ko, ko. Alipofungua tukakuta bushi za kushoto, yale mabomba mafupi ambamo pini inazunguka, zimeliwa upande mmoja mpaka tundu limekuwa na umbo la yai, na pini imechimbika mfereji unaoingia ukucha. "Mama, hii haijaonja grisi siku nyingi." Nikamwonesha daftari. Alilisoma ukurasa mzima, kwa adabu, kisha akanirudishia bila kusema neno. Kuchongesha bushi mpya Mbeya mjini, pini, nauli na ufundi vilinila shilingi 180,000, na hapo sijahesabu siku nne trekta limesimama huku simu zinaita.

Ndipo nikanunua bomba ninalolizungumzia. Chapa siitaji, maana yako mengi ya aina hii na ukiyaweka pamoja huwezi kuyatofautisha isipokuwa kwa rangi. Ni la mpini, lina mpira wa kupitishia grisi wa karibu nusu mita, linapokea katriji ya gramu 400, na ukipenda unalijaza kwa mkono kutoka kwenye kopo. Dukani Mwanjelwa nilitoa 48,000. Mdomo wa kubana nilinunua kando kwa 30,000, na muuzaji alishangaa mtu kununua mdomo unaozidi nusu ya bei ya bomba. Leo ningeambiwa nichague kimoja, ningebaki na mdomo na kulirudisha bomba.

Mdomo wa kawaida unausukuma kwenye nipeli ung'ate wenyewe. Ukichakaa kidogo tu, inabidi mtu mmoja aushikilie kwa nguvu na mwingine apampu, na bado grisi inatoka pembeni. Huu wa kubana una kibonyezo: unaminya, meno yanafunguka, unauvika, unaachia, basi. Unabaki na mikono miwili ya kupampu. Siku ya kwanza niliuvika mwenyewe nikaliacha bomba lining'inie, nikawaita watu waje waone.

Furaha ile haikumaliza dakika kumi. Nipeli ya kwanza, mpini ukagoma kama umegota kwenye jiwe. Ya pili hivyohivyo. Kati ya nipeli tano za mbele, tatu zilikuwa zimeziba, na hatukujua, kwa sababu mdomo mbovu ulikuwa unatuonesha grisi inayofurika nje nasi tukidhani kiungo kimeshiba. Tulisugua kwa brashi na dizeli, tukabonyeza kile kigololi cha ndani kwa msumari mwembamba. Moja ikafunguka. Mbili tulizing'oa tukaweka mpya, bei chee kabisa. Ukienda kununua beba ile ya zamani mfukoni, kwa sababu nyuzi za kukazia zinatofautiana, na ukikazia isiyo yake utaharibu tundu.

Mpini ukigoma usiukalie. Bomba hili dogo la mkono linatoa presha mara mia na zaidi ya iliyomo kwenye tairi lako. Mpira ukitoboka huku umeushika, grisi inaweza kuingia chini ya ngozi, na jeraha likaonekana kama umechomwa sindano tu; hilo ni la kukimbiza hospitali saa hiyohiyo hata kama haliumi. Kijana nimemkataza kuushika mpira wakati wa kupampu. Haelewi kwa nini ninapiga kelele, lakini anatii.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwenye boksi halikuandikwa, na ambalo bila hilo hata bomba la dhahabu halisaidii. Trekta likisimama kwa uzito wake, pini inakandamizwa upande mmoja wa bushi. Grisi haina ujinga wa kupita kwenye msongamano. Inapita upande wenye nafasi na kutoka, na upande unaobeba mzigo, ule unaolika, unabaki mkavu. Kwa hiyo inua kwanza. Jeki iweke chini ya fremu mbele ya injini, usiiweke chini ya ekseli. Ekseli ya mbele inabembea kwenye pini yake ya katikati, na ukiinua ekseli yenyewe, pini hiyo inaendelea kubebeshwa mzigo uleule, na trekta nalo linayumba. Weka kabari matairi ya nyuma, mbele na nyuma, kisha gogo zima chini ya fremu ndipo mtu aingize mkono. Gogo, nasema, maana nimeona watu wanapanga matofali, na tofali halitoi taarifa kabla ya kupasuka.

Matairi yakishaning'inia, mmoja anapampu, mwingine anazungusha usukani polepole mpaka mwisho wa kushoto, halafu mpaka mwisho wa kulia. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza upande wa kulia, ambao haukuwa umefunguliwa na fundi, ilitoka kwanza grisi nyeusi, ikafuata ya rangi ya chai ya maziwa, yaani imekoroganishwa na maji, kisha yenye chembe za mchanga zinazosagika ukizifikicha kwa vidole. Ilichukua pampu 25 mpaka ikatoka safi. Siku hizi zinatosha sita mpaka nane. Nilihesabu bomba langu: pampu moja ni karibu gramu moja, kwa hiyo katriji haiishi haraka hivyo.

Viungo vya tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na matairi, havitaki ukarimu huo. Vina kifuniko cha mpira. Pampu mbili, ukiona kinaanza kuvimba acha, kikipasuka umelifungulia tope mlango. Matrekta mengi ya sasa tairodi zake hazina nipeli kabisa, zimezibwa kiwandani. Beringi za matairi ya mbele kwa trekta kama langu ni habari nyingine, zinafunguliwa na kupakwa kwa mkono. Na kama lako ni la fowili, usihangaike kutafuta nipeli kwenye kona za ekseli: jirani yangu alizitafuta asubuhi nzima. Mle ndani kuna gia zinazoogelea kwenye oili, kazi yako ni kuangalia kimo cha oili na kama sili zinavuja. Grisi ni ya pini ya katikati na popote utakapoiona nipeli.

Kuhusu grisi yenyewe, ninatumia ya lithiamu iliyoandikwa EP, yaani inayohimili mgandamizo mkubwa, na namba 2, ambayo ni kipimo cha ugumu wake. Ile ya kupima, inayochotwa kwenye ndoo iliyo wazi kando ya barabara, imekuja na vumbi lake. Rangi isikudanganye, nyekundu au bluu ni rangi tu waliyotia. Ila usibadilishebadilishe aina, kwa sababu zipo zisizopatana, zikikutana ndani zinakuwa uji.

Vitabu vya matrekta madogo kwa kawaida vinasema kila saa 50, na mara nyingi zaidi kwenye maji na tope. Msimu wa kuvuruga mimi napiga kila jioni, baada ya kuosha, ili grisi mpya iyasukume maji nje yasilale humo. Kuinua kwa jeki tunafanya mara moja kwa wiki. Kila jioni ningewachosha watu.

Kasoro za bomba? Zipo. Ukibadilisha katriji linashika hewa na linapampu upepo. Inabidi ulegeze kichwa mzunguko mmoja, usukume fimbo ya nyuma, hewa itoke, ukaze tena. Bati la mwili ni jembamba, limeshabonyea lilipoangukia ngazi ya trekta. Na ukiliacha juani springi ikiwa imekandamiza, linatoa jasho la oili mpaka chini. Sasa linalala stoo, limening'inizwa, fimbo imevutwa nyuma na kufungwa.

Miezi minane sasa. Wiki iliyopita fundi alipita kwa shughuli nyingine, akaliinua mwenyewe bila kuombwa, akalitikisa tairi la kushoto, halikusema kitu. Mdomo naupa nyota tano, bomba tatu. Na majirani wanaokuja kuazima: njooni na trekta lenu hapa nyumbani, jeki ninayo, bomba halitoki.